Bunduki Iliyookotwa Makwasinyi

Bura,
3 Machi 1976

Ndugu Makokha,

Nisamehe kwa kimya changu kirefu. Tangu tulipokusindikiza stesheni ya Voi, wewe na mkeo Nanzala na masanduku yenu na yule jogoo uliyekataa kumwacha, sijakuandikia hata mstari mmoja, ingawa barua zako mbili zilinifikia na nilizisoma kwa furaha. Sina udhuru unaostahili kuandikwa. Nilikuwa mzima, wino ulikuwapo, na posta haikufungwa.

Tena sitakuficha kwamba leo ninaandika kwa sababu nina haja nawe. Kabla ya kuingia karakana ya reli ulikuwa fundi wa silaha katika Keya, jeshi la Waingereza, na katika watu ninaowajua hakuna mwingine awezaye kuitazama bunduki akasema ilikotoka.

Unamkumbuka Zephaniah, mume wa dada yangu Tryphena, aliyetukaribisha asali kwake Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau. Pengine hukuambiwa habari za baba yake. Katika vita vya kwanza, mwaka 1915, Wajerumani waliivamia kambi ya Waingereza pale Kasigau. Waingereza wakaamini kwamba wenyeji ndio waliowaonyesha njia. Bila kuuliza sana wakawaondoa watu wote wa mlima ule, wazee kwa watoto, wakawapeleka Malindi. Wengi walikufa huko kwa homa na kwa njaa. Waliobaki walirudishwa miaka ya thelathini, na waliporudi walitafuta wa kumlaumu. Wakampata mtu aliyekuwa amekwisha kufa: Mwakisha, baba yake Zephaniah. Ilisemwa kwamba ndiye aliyewaongoza Wajerumani.

Mwakisha amezikwa Malindi. Baadhi ya familia zilikwisha kuyaleta nyumbani mabaki ya watu wao na kuyaweka mahali pa maziko pa ukoo. Kwa Mwakisha wazee wa ukoo walikataa, na wamekuwa wakikataa tangu Zephaniah alipokuwa kijana. Sasa ni mzee, kifua chake kibovu, na daktari wa Voi hakumpa matumaini marefu. Jambo moja tu analitaka kabla hajafa: baba yake alale Makwasinyi.

Mwezi uliopita Zephaniah aliokota bunduki katika ufa wa mwamba juu ya shamba lake, mahali ambapo baba yake alikuwa akilindia mtama dhidi ya nyani. Si bunduki ya kuwindia. Ni ya mlenga shabaha wa jeshi, kwa maana ina vishikio vya darubini ubavuni, upande wa kushoto. Darubini yenyewe haimo. Kutu imeshika kifungio kiasi kwamba haiwezi kumpiga hata kunguru. Naibu wa chifu ameifungia katika kabati la ofisi yake mpaka polisi wa Voi watakapokuja kuichukua.

Wazee wamesema hivi: kama bunduki hiyo ni ya Kijerumani, basi ndiyo malipo ya Mwakisha, na neno limekwisha. Kama ni ya Kiingereza, basi ni kweli ile habari ya familia yake, kwamba Mwakisha alipewa silaha na ofisa wa Kiingereza ili alinde njia. Katika hali hiyo watakubali aletwe.

Nimekwenda kuiona. Ni ndefu, ya mbao na chuma. Mbele ya kifyatulio pana kisanduku cha risasi kilichojitokeza chini. Juu ya chuma nimeona taji dogo. Tafadhali niambie ni ya nani.

Rafiki yako,
Crispus Mwandoe


Funyula,
25 Machi 1976

Mwalimu wangu,

Barua yako imefika. Nanzala ndiye aliyenisomea, maana mjukuu ameikalia miwani yangu. Yule jogoo tulimla Krismasi. Alikuwa mgumu kama mkanda wa injini, na bado Nanzala anasema ilikuwa haki yake kufa, kwa vile alivyotuaibisha kwenye treni.

Sasa sikia. Umeniandikia kurasa tatu, na bunduki imepata mistari michache tu. "Ni ndefu, ya mbao na chuma." Mwalimu, hata jembe la Tryphena ni la mbao na chuma! Ungekuwa mwanafunzi wangu wa karakana ningekurudisha kufagia.

Lakini taji umeliona, na kisanduku cha risasi umekiona. Bunduki za Wajerumani hazibebi taji la mfalme wa Uingereza. Kwa hiyo ni ya Kiingereza. Hapo nimejibu robo ya swali, hizo robo tatu bado. Usimwambie mtu yeyote kitu mpaka nimalize.

Nataka alama zote. Chukua karatasi nyembamba, iweke juu ya chuma, sugua penseli polepole, kama watoto wanavyochora sarafu. Fanya hivyo ubavuni kushoto, na kwenye shingo ya mbao pale kidole gumba kinapokaa, na chini ya kitako. Kuna pete nene ya chuma inayounganisha kitako na mwili wa bunduki. Hapo ndipo Waingereza hupiga mwaka. Hapo usikose. Halafu niambie: mdomo wa mtutu umefunikwa na chuma na mbao hadi mwisho, au umechungulia nje?

Ukinijibu "ni mrefu", nitapanda treni nije kukuchapa.

Wako,
Makokha


Bura,
20 Aprili 1976

Ndugu Makokha,

Ninaambatanisha karatasi tano za alama. Nilizisugua mwenyewe mezani kwa naibu wa chifu, naye alinishikia bunduki kama mtu anayemshika mbuzi wa kuchinjwa.

Kwanza sina budi kukueleza yaliyotokea. Wazee walikuwa wanajua kwamba nimepata jibu, kwa sababu barua hupitia dukani na duka halina siri. Waliniita. Sikuona njia ya kuwaambia watu wazima kwamba sina kitu ilhali barua imo mfukoni, nikaisoma. Niliisoma yote, na lile onyo lako pia, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani. Lakini nilipofika "ni ya Kiingereza" wanawake waliokuwa nje walipiga vigelegele, na sidhani kwamba kuna aliyeisikia sentensi iliyofuata. Mzee Alexander, ambaye kwa miaka mingi hajala kwa Zephaniah, alisimama akampa mkono. Zephaniah aliukamata mkono ule kwa mikono yake miwili na hakuuachia upesi.

Wamekubali. Safari ya Malindi itakuwa mwezi wa Agosti, mavuno yakiisha.

Kuhusu maswali yako: mdomo wa mtutu umechungulia nje ya mbao kwa urefu wa kama kidole. Ubavuni kushoto kuna herufi T, na karibu yake TR. Chini ya kitako kuna S na tarakimu 51. Kwenye shingo ya mbao kuna namba ndefu, nayo inasomeka vizuri. Kwenye ile pete ya chuma, ambako uliniambia nitaona mwaka, hapasomeki. Chuma kimekwaruzika, nadhani kwa kusuguana na mwamba. Nimeisugua penseli hata hivyo ili ujionee.

Ninatumaini kwamba robo tatu zilizobaki zitafanana na ile ya kwanza.

Wako,
Crispus Mwandoe


Makwasinyi,
16 Mei 1976

Kaka yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi tu wazima na shemeji yako ni mzima kuliko nilivyomwona kwa miaka mingi. Anakula, kaka! Jana alimaliza sahani akauliza kama nimeficha chakula kingine. Amepanda hadi mahali pa ukoo mara mbili, amefyeka njia yote peke yake huku anakohoa, na nikimwambia apumzike anasema atapumzika baba yake akifika.

Watu wanapita kutusalimu. Mke wa Alexander ameniletea mbegu za kunde. Mimi nimeolewa hapa nikiwa msichana, nimezaa hapa, nimezeeka hapa, na hii ndiyo mara ya kwanza mwanamke yule kuingia jikoni kwangu. Nilipokuwa nikimkaribisha chai nilimwaga sukari.

Nina ombi moja. Shemeji yako ananiuliza kila barua ikifika dukani kama imetoka kwa yule rafiki yako wa Funyula. Anasema jibu moja latosha, kwa nini mzee wa watu asumbuliwe tena. Mwandikie kwamba tumeshukuru, asijitaabishe. Wewe tangu utoto hukubali kuacha kitu kikiwa kimekamilika, lazima ukifungue uone ndani. Safari hii kiache, kaka.

Dada yako,
Tryphena


Funyula,
2 Juni 1976

Mwalimu,

Nimekaa na karatasi zako wiki nzima. Nanzala anasema nimekuwa kama mtu aliyepokea barua ya msiba. Nilitaka kukujibu kwa mzaha lakini mzaha wenyewe umenikataa.

Bunduki yako ni halisi. Haikuungwaungwa na mtu wa mtaani. Ni ya Kiingereza, ya snaipa, yaani mlenga shabaha, na ni katika nzuri kabisa zilizowahi kutengenezwa. T ni alama waliyoipiga kwenye bunduki iliyojaribiwa ikaonekana inalenga kuliko wenzake. TR ni ya kuonyesha kwamba itabeba darubini. S51 ni alama ya karakana ya London iliyofunga vile vishikio. Namba ya shingoni ni ya darubini yake, ili askari asichanganye. Na mtutu uliochungulia nje ndio unaomaliza maneno, kwa sababu zile za vita vya kwanza zilifunikwa hadi mdomoni.

Mwalimu, nilizitengeneza hizi kwa mikono yangu. Nilizishika vitani Bama, kule Asia, mwaka 1944. Ni za vita vya pili. Mwaka 1915 bunduki hii ilikuwa bado mti na mawe.

Mwakisha alikufa lini? Uliniambia alizikwa Malindi katika ule uhamisho. Basi hakuigusa. Imeingia katika ufa ule baada ya watu kurudi, tena baada ya vita vyetu.

Kitu kingine. Ile pete ya chuma haikukwaruzwa na mwamba. Jiwe hukwaruza ovyo, huku na huku. Karatasi yako inaonyesha mistari iliyolala upande mmoja, sawasawa. Hiyo ni tupa. Mtu ameuondoa mwaka, tena kwa utulivu. Zile herufi nyingine aliziacha kwa sababu hakujua kwamba nazo zinasema. Kwake yeye bunduki ya Mwingereza ni bunduki ya Mwingereza, bora isiwe na mwaka.

Jina la mtu huyo silijui na sikuulizi.

Ukinitaka shauri, nitakupa, ingawa najua hutalipenda. Choma barua hii. Serikali ya Mwingereza haikudai ushahidi ilipowaondoa watu wote wale. Kwa nini ninyi mdai ushahidi wa kumrudisha mmoja, tena mifupa? Mwache mzee aletwe kwake.

Wako,
Makokha


Bura,
14 Juni 1976

Shemeji Zephaniah,

Natumaini kwamba kifua kimetulia. Nimepata jibu la pili kutoka Funyula. Nitafika kwako Jumamosi kwa basi la asubuhi. Ninaomba tuzungumze sisi wawili tu.

Shemeji yako,
Crispus


Makwasinyi,
27 Juni 1976

Shemeji,

Ulikuja. Ulikula. Ulisifu kunde. Ulitazama njia niliyoifyeka, ukapanda basi ukaondoka. Hukuniuliza. Barua ilikuwa mfukoni mwa koti, niliiona ukiigusa kila mara. Mtu mkali kama wewe! Watoto wa Bura walikuwa wakijikojolea ukiita majina yao. Mimi ulinionea huruma, na huruma yako imeninyima usingizi kuliko swali.

Basi nitajibu bila kuulizwa.

Ni mimi niliyeiweka mwambani. Aliyenipa amekwisha kuzikwa, na alikotoa sikumuuliza. Tupa ilikuwa yangu ya kunolea majembe.

Sasa sikia na jambo la pili, kwa sababu la kwanza ni dogo. Siku kambi ilipovamiwa nilikuwa na surua. Macho yalikuwa yamefungana. Baba alikuwa ameketi mlangoni akinipepea nzi. Hakutoka siku ile, wala ile iliyotangulia. Nilikuwa nikinyoosha mkono naigusa miguu yake ili nijue kwamba yupo. Yupo. Kila nilipounyoosha mkono alikuwapo. Risasi tulizisikia pamoja, akaniambia ni radi.

Niliwaambia watu Malindi, nilikuwa mtoto. Wakasema mtoto ajua nini. Niliwaambia tuliporudi, nikiwa na ndevu. Wakasema mwana atasema nini juu ya babaye. Niliwaambia wazee waliopo leo, nikiwa na mvi. Hawakunisikiliza. Bunduki ilisema siku moja tu, wakaisikiliza.

Fanya unavyoona. Tryphena hajui. Usimlaumu kwa kukuomba uniache.

Zephaniah


Bura,
28 Julai 1976

Ndugu Makokha,

Sikuichoma barua yako. Ulijua kwamba sitaichoma, nami nilikaa nayo mwezi mzima na zaidi bila kuitumia, jambo ambalo sikulitegemea kwangu.

Ni Zephaniah aliyeiweka bunduki ile. Ameniandikia mwenyewe. Ameniandikia pia kwamba siku ya uvamizi alikuwa mgonjwa wa surua na baba yake hakutoka mlangoni. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Ninamwamini. Lakini nilimwamini pia alipotuonyesha ule ufa wa mwamba, akiwa anatweta, akieleza jinsi alivyoona kitako kikichomoza. Hilo ndilo lililonisumbua. Shauri lako ni jema, nami nusura nilifuate. Ila Mwakisha angeletwa nyumbani kwa ajili ya silaha ambayo hakuishika, na siku mtu mwingine mwenye macho kama yako akija kuiona, wangemtoa tena. Tena wangemtoa na mwanawe.

Nilirudi Makwasinyi. Safari hii niliuliza, na tulizungumza. Zephaniah alinitolea maneno ambayo sitayaandika, kisha akakohoa, kisha akasema, "Nitasema mwenyewe. Usinisomee kama mtoto." Tryphena alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Hajanisemesha tangu siku hiyo.

Wazee walikutana juzi. Polisi walikuwa wamekwisha kuichukua bunduki kama chuma chakavu, kwa hiyo meza ilikuwa tupu. Niliwaambia yale uliyoniandikia: kwamba ni ya vita vya pili na haiwezi kuwa shahidi wa vita vya kwanza. Sikusema zaidi. Zephaniah akasimama, akajishika kwenye kiti, akasema, "Ni mimi niliyeiweka." Naibu wa chifu akakumbuka ghafla kwamba baiskeli yake iko juani, akatoka kwenda kuisogeza, na hakurudi mpaka maneno hayo yalipokwisha.

Mzee Alexander alibana fimbo kwapani aondoke. "Baba aliuza watu," akasema, "mwana ametuuzia chuma. Damu ni ileile."

Ndipo Bibi Elsie alipoinuka. Humjui. Ni mama mkongwe wa hapohapo, ambaye huja mikutanoni kwa ajili ya chai, na hakuna amwombaye neno. Akamkabili Zephaniah kwanza. "Wewe ni mpumbavu tangu utotoni," akamwambia. "Umekwenda kutafuta chuma ambacho hakikuwapo, ukatuacha sisi tuliokuwapo." Kisha akamgeukia Alexander. "Na wewe kaa. Wewe ulizaliwa Malindi. Nani kati yenu amewahi kuniuliza mimi? Mliwauliza wazee wenu, nao walikuwa wamejificha mapangoni siku ile, hawakuona hata nzi. Mimi nilikuwa nje na mbuzi."

Wakamwambia aseme basi alichoona. Akakataa. "Nikisema peke yangu mtasema nimenunuliwa pamoja na hiyo bunduki yake. Tulikuwa watoto wengi. Waiteni wote waliobaki, kila mmoja aseme mbele ya mwenzake, nami nitasema wa mwisho."

Alexander alikaa. Sijui kama ni kwa aibu au kwa kuwa hakuna aliyempisha njia. Baada ya mabishano marefu wazee wamekubali. Watu waliokuwa watoto mwaka 1915 wataitwa kutoka vijiji vya Rukanga, Jora na Bungule, hata mmoja aliyebaki Malindi, na watasikilizwa kwa siku moja, hadharani. Safari ya Agosti imesimamishwa mpaka hapo.

Fikiria, Makokha, kwamba watu hawa wamekuwa wakiishi hapo muda wote huu, wakilima, wakija kanisani, wakizikwa mmoja mmoja, na sisi tukauliza mlima mzima isipokuwa wao. Nami ni mwalimu, nimekaa na watoto maisha yangu yote.

Sijui watasema nini. Huenda yupo aliyemwona Mwakisha akitembea na Wajerumani, na surua ikawa ya siku nyingine. Nilimwambia Zephaniah hivyo waziwazi. Akanijibu kwamba analijua hilo. Leo asubuhi, kwa habari niliyopewa na dereva wa basi, amemtoa punda wake aende Bungule kuwachukua wazee wasioweza kutembea, na yeye mwenyewe ametangulia mbele akimvuta kamba.

Uamuzi ukitolewa, uwe wowote, nitakuandikia siku ileile.

Rafiki yako,
Crispus Mwandoe